Betri ya kutupa au ya kuchaji? Funzo la historia kutoka Lugarawa

Ndugu msikilizaji, wiki hii tuzungumzie kitu kidogo ambacho karibu kila nyumba inacho, nacho ni betri. Sina maana ya betri ya gari, bali ile ndogo ya tochi, ya redio, ya saa ya ukutani na ya rimoti ya televisheni. Ukiingia dukani leo, iwe Kariakoo, iwe Makambako, iwe Lugarawa kule Ludewa, utakuta betri za aina mbili. Ipo ya kutupa, ambayo ikiisha nguvu imekwisha. Na ipo ya kuchaji, ambayo ikiisha unaichomeka kwenye chaja na kesho yake inafanya kazi tena. Ya kwanza ni ya bei nafuu. Ya pili ni ghali. Mnunuzi anapapasa mfukoni, anahesabu alichonacho, anachukua ile ya kwanza na kwenda zake.

Watu wa mjini, hasa waliosoma, wakiona hivyo hutikisa kichwa. Husema mwananchi wa kawaida hajui hesabu, maana ananunua betri kila baada ya wiki mbili wakati angeweza kununua ya kuchaji mara moja akatulia miaka. Waswahili nao wanasema rahisi ni ghali. Lakini je, ni kweli kwamba mwananchi huyu hajui hesabu? Hebu tuitazame historia, kisha tuamue.

Nimechagua Lugarawa kwa sababu mbili. Kwanza, ni mahali ambapo umeme wa waya ulifika mapema kuliko wasikilizaji wengi wanavyodhani. Pili, ni mahali ambapo kwa miaka mingi umeme huo ulikuwa ukiwaka huku vijiji vilivyo jirani vikiendelea kununua betri za kutupa. Lugarawa iko katika Wilaya ya Ludewa, Mkoa wa Njombe, eneo ambalo hadi mwaka 2012 lilikuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa. Ni nchi ya Wapangwa, watu ambao mababu zao walijua kuyeyusha chuma tangu zamani. Ni nchi ya milima, mvua na baridi. Mahindi hustawi, na viazi pia.

Kabla ya kufika huko, tuanze na betri yenyewe. Wengi wetu tunadhani betri ya kuchaji ni kitu kipya kilicholetwa na simu za mkononi. La hasha. Ya kuchaji ni kongwe kuliko betri kavu ya kutupa. Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté alitengeneza betri ya risasi na asidi, mama wa betri zote za magari tunazozijua, nayo ilichajiwa na kutumika tena. Miaka saba baadaye, mwaka 1866, Mfaransa mwingine, Georges Leclanché, akatengeneza betri ya zinki na manganizi ambayo haikukusudiwa kuchajiwa. Ile ya Leclanché ilikuwa na maji ndani ya chupa. Katika miaka ya 1880 Mjerumani Carl Gassner akayageuza maji yale kuwa uji mzito na kuufungia ndani ya kopo la zinki. Hapo ndipo ikazaliwa betri kavu, ile unayoweza kuitia mfukoni na kuigeuza juu chini bila kumwagika. Mwaka 1899 Msweden Waldemar Jungner akaja na betri ya kuchaji ya nikeli na kadmiamu.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, karne ya 20 ilipoanza, aina zote mbili zilikwisha kuwapo. Kwa nini basi ya kutupa ndiyo iliyoshika Afrika? Jibu si gumu. Betri ya kuchaji inahitaji mahali pa kuichajia, na mahali hapo palikuwa na waya wa umeme. Betri ya kutupa inabeba umeme wake kutoka kiwandani. Inapanda lori, inapanda baiskeli, inapanda kichwani mwa mtu, inafika mahali ambapo waya haukufika. Kwa nchi isiyo na waya, hicho ndicho kilichokuwa umeme.

Kilichoiingiza vijijini kwa nguvu ni redio. Mwaka 1949, kule Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, ilianza kuuzwa redio ya bei nafuu iliyotengenezwa na kampuni ya Ever Ready ya Uingereza. Umbo lake lilikuwa la mviringo kama sufuria, nayo ikaitwa kwa jina hilo. Iliuzwa pauni 5, na betri yake kavu ilidumu kwa takriban saa 300. Hapa kwetu Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951. Redio za siku hizo zilikuwa za vali, na vali ilikula umeme kwa wingi, hivyo betri zake zilikuwa kubwa na ghali. Wenye redio walikuwa wachache.

Mambo yalibadilika ilipokuja transista. Iligunduliwa Marekani mwaka 1947, na kufikia katikati ya miaka ya 1950 redio za transista zilikuwa zikiuzwa Marekani na Japani. Redio ya aina hiyo iliweza kuimba kwa wiki kadhaa kwa betri chache za tochi. Kwa mara ya kwanza betri moja ilitumika kwa kazi mbili: usiku kwenye tochi, mchana kwenye redio. Wasikilizaji wenye umri wanakumbuka jinsi baba alivyokuwa akizitoa kwenye redio baada ya taarifa ya habari na kuzitia kwenye tochi, na mtoto akakatazwa asiguse.

Baada ya Uhuru nchi zetu ziliona kwamba betri si kitu cha kuagiza milele. Katika miaka hiyo ya 1960 kampuni ya Kijapani ya Matsushita ilijenga kiwanda Dar es Salaam, kikatoa redio na betri za National. Wenzetu wa Kenya nao wakapata kiwanda cha Eveready pale Nakuru mwaka 1967, chenye nembo ya paka, kilichokuja kufungwa mwaka 2014. Kwa hiyo betri ya kutupa ilikuwa pia bidhaa ya kiwanda cha Tanzania, yenye ajira za Watanzania, tena bidhaa iliyojulikana hadi duka la mwisho la kijijini.

Serikali nayo iliitegemea kuliko ilivyokiri. Redio Tanzania Dar es Salaam ilipoundwa mwaka 1965, ilikusudiwa kuwa shule ya taifa. Zikaja kampeni za elimu ya watu wazima kwa njia ya redio. Mwaka 1969 Kupanga ni Kuchagua, ya kueleza Mpango wa Pili wa Maendeleo. Mwaka 1970 Uchaguzi ni Wako. Mwaka 1971 Wakati wa Furaha, kwa miaka 10 ya Uhuru. Mwaka 1973 Mtu ni Afya, iliyowakusanya takriban watu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza, wakajadiliana na kuchimba vyoo. Mwaka 1975 Chakula ni Uhai. Tunawasifu walimu na watangazaji, na wanastahili sifa. Lakini tusisahau kwamba katika vijiji vingi kikundi kilikaa chini ya mti kuizunguka redio moja, na ndani ya redio hiyo mlikuwa na betri za kutupa. Zikifa katikati ya wiki, somo la kipindi kijacho lilikuwa mashakani.

Sasa turudi Lugarawa. Pale palijengwa misheni ya Kikatoliki iliyo chini ya Jimbo la Njombe, jimbo lililoundwa mwaka 1968, pamoja na hospitali ya Mtakatifu Yohane. Hospitali haiwezi kuendeshwa kwa koroboi. Mganga hawezi kupasua mtu huku ameshikiwa tochi, ingawa wapo waliolazimika kufanya hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ikafungwa mashine ya kuzalisha umeme kwa nguvu ya maji yenye uwezo wa kilowati 140. Lugarawa haikuwa peke yake. Misheni nyingi za Nyanda za Juu Kusini zilifanya hivyo kwa kuwa mito ilikuwapo na miinuko ilikuwapo: Peramiho, Uwemba karibu na Njombe mjini, Ikonda na Bulongwa kule Makete. Serikali ilikuwa bado haijafika na waya wake, misheni ikajitegemea.

Lakini kilowati 140 si nyingi. Zinatosha hospitali, shule, karakana na nyumba za jirani. Haziwezi kutambaa milima kwa milima hadi kila kitongoji. Hivyo ikatokea hali ambayo imejirudia sehemu nyingi Afrika. Taa inawaka kwenye misheni, inaonekana kutoka mlima wa pili, lakini anayeitazama kutoka mlima huo ameshika tochi yenye betri mbili za kutupa. Tofauti kati ya watu hawa wawili ilikuwa waya tu, wala haikuwa ya akili wala ya elimu.

Na kuna jambo jingine la kutafakari. Wilaya hiyo hiyo ya Ludewa ina makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Mwaka 2011 Shirika la Taifa la Maendeleo lilitia saini mkataba na kampuni ya Kichina ya Sichuan Hongda kuhusu miradi hiyo, pamoja na mpango wa kituo cha umeme wa makaa cha megawati 600. Nishati ya kuwasha mikoa mizima imelala ardhini, na juu ya ardhi hiyo hiyo watu wamezeeka wakinunua mwanga kwa jozi za betri.

Ikafika miaka ya shida. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mpaka wetu na Kenya ukafungwa na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Vita vya Kagera vilianza mwaka 1978, bei ya mafuta ikapanda mwaka 1979, fedha za kigeni zikakauka. Viwanda vyetu vikakosa malighafi. Sabuni, sukari, mafuta ya kula na betri vikawa bidhaa za foleni. Kilichofika kilipitia duka la ushirika au duka la kaya, na kilichobaki kikapita kwa walanguzi. Betri iliyotoka Dar es Salaam kwa treni ya TAZARA au kwa lori hadi Makambako, ikapanda hadi Njombe, kisha ikaifuata ile barabara ya matope hadi Ludewa, ilikuwa imekwisha kupita mikono mingi, na kila mkono ulibakiza chake.

Hapo ndipo wananchi walipotumia maarifa. Redio ilifunguliwa wakati wa taarifa ya habari na matangazo ya vifo, kisha ikafungwa. Muziki ukawa anasa. Betri zilizochoka zilianikwa juani. Wengine walizipanga nje ya redio, nyingine juu ya nyingine, wakazifunga kwa karatasi ngumu na mpira wa baiskeli, wakaunga waya ili nguvu iliyobaki katika betri 8 ifanye kazi ya betri 4.

Kuna waliocheka kitendo cha kuanika betri juani, wakakiita ushamba. Kumbe kina maana yake. Umeme wa betri kavu unatokana na mwendo wa kemikali, na mwendo huo hupungua kwenye baridi na huongezeka kwenye joto. Tena betri iliyopumzika hupata nafuu kidogo, kwa sababu kemikali zilizojikusanya karibu na ile fimbo nyeusi ya katikati hupata muda wa kusambaa. Asubuhi ya mwezi wa Julai kule Lugarawa au Njombe ni ya baridi kali. Betri iliyogoma kuimba saa 12 asubuhi ikianikwa hadi adhuhuri, ikaimba jioni kwa dakika 20, si uchawi wala ujinga. Ni kemia ambayo watu waliijua kwa kuitazama.

Hata maiti ya betri haikupotea bure. Ule unga mweusi ulio ndani ulisagwa, ukachanganywa na majani mabichi yaliyotwangwa, ukapakwa kwenye ubao wa darasa. Wapo wasikilizaji wengi waliojifunza kuandika kwa chaki iliyotereza juu ya unga wa betri. Fimbo ya kaboni ikawa kalamu ya watoto. Leo tunajua kwamba kazi hiyo haikuwa salama kwa mikono na mapafu ya watoto wetu, hasa kwa kuwa betri za zamani ziliwekwa pia zebaki kidogo. Tutalirudia hilo baadaye.

Baada ya mwaka 1984 milango ya biashara ilianza kufunguliwa, watu wakaruhusiwa kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Betri zikarudi madukani. Miaka ya 1990 ikaleta redio za binafsi, na mwaka 1994 televisheni zikaanza Tanzania Bara. Zikaja betri kutoka China kwa bei ya chini sana, nyingine nzuri, nyingine zikitoa maji ya kutu kabla hata hazijaisha. Wenye uwezo kidogo vijijini walinunua betri ya gari kwa ajili ya televisheni, ikapelekwa mjini kuchajiwa na kurudishwa juu ya keria ya baiskeli. Hao ndio waliokuwa watu wa kwanza wa kijiji kuijua betri ya kuchaji kwa gharama yao wenyewe, na waliijua kwa jasho, maana ile ni mzigo.

Mwalimu mkuu wa betri ya kuchaji, hata hivyo, alikuwa simu ya mkononi. Mwaka 1991 kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuuza betri ya lithiamu, nyepesi na yenye nguvu. Simu zilipoenea vijijini mwetu miaka ya 2000, kila mwenye simu alijikuta mwenye betri ya kuchaji, apende asipende. Vikafunguliwa vibanda vya kuchaji, mwenye jenereta au paneli ya jua akipanga simu 20 mezani na kuzibandika majina. Watu walitembea saa nzima kwenda kuchaji, wakalipa shilingi mia mbili au mia tatu, wakarudi. Tazama basi: mtu yule yule aliyeitwa mjinga kwa kununua betri ya kutupa alikubali gharama na mwendo kwa ajili ya betri ya kuchaji mara tu alipopata kifaa kinachomlipa na mahali pa kuchajia.

Wakati huo huo taa ndogo za kisasa, zinazotoa mwanga mweupe kwa umeme kidogo mno, zikaingia sokoni. Koroboi ikaanza kukimbia. Katika sehemu nyingi za Afrika kilichoiondoa koroboi mwanzoni hakikuwa waya wala paneli ya jua, bali tochi ya bei rahisi yenye betri kavu. Ilipunguza moshi ndani ya nyumba na hatari ya moto. Hilo ni jema lake, na tusilifiche. Lakini iliongeza pia idadi ya betri zinazotupwa shambani.

Umeme wenyewe ukaanza kusogea. Sheria ya Nishati Vijijini ilipitishwa mwaka 2005, Wakala wa Nishati Vijijini ukaanza kazi mwaka 2007. Jirani na Lugarawa, vijiji vya Lupande, Madunda na Mawengi vilishirikiana na shirika la Kitaliano la ACRA, ukajengwa mradi wa maji wa Mawengi wa kilowati 300, na wananchi wakaunda chombo chao cha kuuendesha kiitwacho LUMAMA, jina linalotokana na majina ya sehemu hizo tatu. Kisha ikaja njia kubwa ya umeme kutoka Makambako hadi Songea ya kilovolti 220, iliyojengwa kwa msaada wa Sweden na kukamilika mwaka 2018, ikaingiza mikoa ya Njombe na Ruvuma katika gridi ya taifa kwa nguvu mpya.

Sasa, ndugu msikilizaji, tuje kwenye hesabu. Betri moja kubwa ya tochi, ile ya kutupa, ina umeme wa wati-saa 8 hivi ikiwa nzima. Uniti moja ya TANESCO ni wati-saa 1,000. Kwa hiyo kupata uniti moja kwa njia ya betri unahitaji betri zaidi ya 100. Tuseme kila moja ni shilingi 500. Umelipa zaidi ya shilingi 50,000 kwa uniti ambayo mteja mdogo wa nyumbani, kwa viwango vilivyotangazwa mwaka 2016, aliuziwa kwa shilingi 100. Mara 500! Mtu asiye na waya ndiye anayelipa bei ya juu kabisa ya umeme nchini, tena analipa kwa shilingi mia mia asijue kwamba amelipa. Haba na haba hujaza kibaba, lakini hapa kibaba kinachojaa si cha kwake.

Je, akinunua za kuchaji? Tuseme jozi ya kutupa ni shilingi 1,000 na inadumu wiki mbili kwenye redio inayosikilizwa kila siku. Kwa mwaka ni jozi 26, yaani shilingi 26,000. Tuseme jozi ya kuchaji pamoja na chaja yake ni shilingi 35,000. Mwaka wa kwanza ya kuchaji imeshindwa. Mwaka wa pili yule wa kutupa amekwisha kutumia 52,000, na mwenzake bado yuko kwenye 35,000 na senti za umeme. Betri nzuri ya kuchaji huchajiwa mara mamia kabla ya kuchoka, kwa hiyo mwaka wa tatu na wa nne tofauti inazidi kukua.

Hesabu hiyo ni kweli, lakini ina masharti mawili. La kwanza, uwe na shilingi 35,000 siku moja. Mkulima anayesubiri kuuza viazi hana. Ana 1,000 leo na 1,000 baada ya wiki mbili. La pili, uwe na soketi nyumbani au karibu. Kama kila mara utalipa kibanda cha kuchaji na kutembea saa nzima, faida inaliwa na njia. Ndiyo maana nasema mwananchi yule wa dukani hakukosea hesabu. Alipiga hesabu ya mfuko wake na ya mahali anapoishi, na kwa miaka mingi jibu lake lilikuwa sahihi.

Lakini jibu lililokuwa sahihi mwaka 1975 si lazima liwe sahihi leo, na hasa si kwetu sisi wa mjini wenye LUKU ukutani. Kwetu udhuru umekwisha. Basi tuchague kwa kazi ya kifaa. Saa ya ukutani na rimoti hutumia umeme kidogo mno. Humo betri ya kutupa hukaa mwaka au zaidi, na kuweka ya kuchaji ni kupoteza fedha. Vivyo hivyo tochi ya dharura inayolala kabatini, kwa sababu betri za kuchaji za kawaida za nikeli hupungua nguvu zenyewe, hata robo ndani ya mwezi mmoja. Zile zilizoanza kuuzwa mwaka 2005, zinazohifadhi nguvu kwa mwaka mzima, ni bora zaidi lakini bei yake iko juu. Redio ya kila siku, taa ya kusomea watoto, midoli na kamera ndizo kazi za betri ya kuchaji.

Na tujihadhari na udanganyifu. Betri ndogo ya kuchaji ya nikeli, ile ya ukubwa wa kidole, haivuki sana milliampia-saa 2,700. Ukiona imeandikwa 4,000, hayo ni maneno ya karatasi. Ile ya lithiamu inayotumika kwenye tochi nyingi haifiki 5,000, sembuse 9,900 inayoandikwa kwenye baadhi ya zile zinazouzwa mitaani. Taa za bei rahisi za kuchaji nazo nyingi zina betri ndogo ya risasi ndani. Ukiiacha muda mrefu bila kuichaji, inaweza kufa kabisa. Usichanganye betri mpya na ya zamani, wala ya kutupa na ya kuchaji. Na kamwe usiiweke ya kutupa kwenye chaja, kwa kuwa inaweza kuvuja au kupasuka.

Limebaki jambo la taka, nalo ndilo linalonipa wasiwasi kuliko bei. Betri ya gari ikifa, kuna mtu wa chuma chakavu anayeinunua kwa sababu risasi ina soko. Ndiyo, mara nyingi anaivunja kwa njia ya hatari, lakini walau haibaki njiani. Betri ndogo haina mnunuzi. Kwa hiyo inatupwa chooni, shimoni, kwenye shamba la mahindi, au inachomwa pamoja na takataka. Betri za kutupa za siku hizi zina sumu pungufu kuliko za zamani, maana zebaki imeondolewa katika nyingi. Lakini zile za kuchaji za nikeli na kadmiamu zina sumu kali, na Umoja wa Ulaya umezizuia katika vifaa vingi vya nyumbani. Na ya lithiamu ikitobolewa au kuchomwa huwaka. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba kununua ya kuchaji kumemaliza kazi. Ya kuchaji nayo hufa, na ikifa vibaya ina madhara kuliko ya kutupa.

Tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na tuna Baraza la Mazingira, NEMC. Lakini sheria haina mguu wa kufika Lugarawa kuokota betri. Anayefika huko kila wiki ni lori la muuzaji wa jumla. Lori hilo hupanda na betri zilizo hai. Linashindwa nini kushuka na zilizokufa, kama muuzaji wa soda anavyorudi na chupa tupu? Chupa ilirudi kwa sababu iliwekewa amana. Shilingi 50 tu juu ya kila betri, inayorudishwa pale mtu anapoleta ya zamani, ingewafanya watoto wa kijiji kizima wazikusanye kwa siku moja. Hilo si jambo la mkulima peke yake. Ni la waingizaji bidhaa, la halmashauri na la watunga kanuni.

Ndugu msikilizaji, tuliambiwa zamani kwamba kupanga ni kuchagua. Ni kweli. Lakini mtu huchagua pale tu anapokuwa na vitu viwili mbele yake. Kwa miaka mingi mkazi wa mlima wa pili kule Lugarawa alikuwa na kimoja tu. Leo waya unamsogelea na paneli ya jua iko sokoni, hivyo naye anaanza kuwa na viwili. Kazi yetu ni kuhakikisha kile cha pili ni cha kweli na si bandia, kwamba anaweza kukilipia kidogo kidogo kama alivyolipia cha kwanza, na kwamba kikifa kuna mahali pa kukipeleka. Tukimaliza hayo ndipo tutakuwa na haki ya kumuuliza kwa nini bado ananunua betri ya kutupa.